Utepe wa rangi tatu, kwa jicho la fundi cherehani

Nashona nguo Bamba, kaunti ya Kilifi, mwaka wa 22 sasa. Tepu za kupimia nimezimaliza nyingi: za kitambaa ambazo huvutika baada ya mwaka, za plastiki ambazo hupasuka pembeni, na zile za rahisi ambazo ukizilaza mbili sambamba unakuta moja imeipita mwenzake kwa nusu sentimita. Nikisema tepu fulani ni nzuri, huo ni ujuzi wa kazi yangu unaosema.

Utepe ninaotaka kuwaelezea leo haupimi nguo. Unapima mkono wa mtoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 5, na unakuonyesha kama mwili wake umeanza kujila wenyewe kwa kukosa chakula. Hospitalini wanauita MUAC, herufi za Kiingereza za mzunguko wa katikati ya mkono wa juu. Mimi na majirani zangu tunauita utepe wa rangi tatu. Niliupata Juni 2020, Korona ikiwa imetukaba, na mpaka leo uko msumarini kando ya cherehani yangu. Naandika kwa sababu akina mama wengi wameuona mikononi mwa wahudumu, lakini wachache wamewahi kuambiwa kwamba hata wao wanaweza kuwa nao nyumbani na kuutumia.

Niseme kwanza ulivyonifikia, maana bila hayo huwezi kuelewa kwa nini naupenda hivi.

Machi 15, 2020, Rais Kenyatta alipotangaza shule zifungwe, nilikuwa na sare 17 mezani, nyingine zimebaki vifungo tu. Hakuna mzazi aliyekuja kuzichukua. Mwisho wa mwezi ikaja kafyu, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili 8, Kilifi, Kwale na Mombasa zikafungwa, hakuna kuingia hakuna kutoka. Binti yangu alikuwa amekwenda Mombasa kufuata mshahara wake wa kazi za nyumbani, akaniachia mtoto wake wa kiume kwa siku nne. Mtoto alikuwa na miezi 11 na bado ananyonya. Zile siku nne zikawa miezi mitatu. Ziwa lilikatika kwa siku moja, bila maandalizi.

Nina wajukuu wengine wawili, wakati ule mmoja ana miaka 8 na mwingine 10. Hao walikuwa wakila githeri shuleni kila mchana. Watu wengi huhesabu shule kwa masomo. Mimi nilikuwa naihesabu kwa sufuria pia: watoto wawili, siku tano, sahani kumi kila wiki ambazo sikuzipika. Sahani zote kumi zikarudi jikoni kwangu, na ni wakati ule ule ambapo sikuwa na hata suruali moja ya kukunja pindo. Baadaye nilisoma kwamba Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na UNICEF walihesabu watoto milioni 370 waliokuwa wamekosa chakula cha shuleni duniani kote mwezi huo wa Aprili. Wangu wawili walikuwamo. Lakini aliyelipa zaidi ni yule wa tatu, ambaye hata shule haijui, kwa sababu sufuria ni moja na mkubwa anakula haraka kuliko mdogo.

Binti yangu alituma alichopata, shilingi 200, siku nyingine 300. Safaricom walikuwa wameondoa ada ya kutuma pesa zisizozidi shilingi 1,000, na kwetu hilo halikuwa jambo dogo. Asubuhi tulikunywa uji wa mahindi mtupu. Mchana sima na mtsunga, mboga yetu ya majani, usiku sima na mtsunga. Kuku walitaga, nikauza mayai ninunue unga. Leo nikikumbuka mayai yale moyo unaniuma, lakini unga ulishibisha watatu na yai lingeshibisha mmoja, na hesabu ya njaa ndivyo inavyokwenda.

Kliniki sikwenda. Niliogopa. Mitaani ilisemwa kwamba ukikohoa getini unachukuliwa karantini na mtoto anabaki na nani? Kwa hiyo kwa wiki nyingi hakuna mizani iliyomwona mjukuu wangu. Nilimwona mimi, kila siku, na jicho linalomwona mtoto kila siku ndilo la mwisho kujua kwamba amepungua.

Siku moja mhudumu wa afya wa kijiji chetu akaja. Nilimjua, alikuwa amevaa barakoa niliyoshona mwenyewe. Hakuingia ndani. Alisimama chini ya mwarobaini akatoa salamu kwa mbali. Kabla ya Korona ni yeye aliyekuwa akizunguka na kupima watoto nyumba kwa nyumba. Sasa alikuwa ameambiwa asiguse mtoto wa mtu, bali awafundishe wazazi wapime wenyewe. UNICEF na wenzao wa lishe walikuwa wameelekeza hivyo mwaka huo katika nchi nyingi, ili watoto wasipotee machoni pa hospitali kwa sababu ya ugonjwa. Wazo lenyewe halikuanza na Korona. Lilijaribiwa Niger miaka kadhaa kabla, na ikaonekana kwamba mama wa kijijini akielekezwa vizuri hupima karibu sawa na mhudumu aliyesomea.

Akauweka utepe juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua kadhaa, akaniambia, "Mama, wewe ni fundi. Huu hauwezi kukushinda."

Karibu unishinde, na nataka nieleze kwa nini, kwa sababu hapo ndipo penye somo la mtu yeyote atakayeutumia.

Utepe wenyewe ni wa plastiki nyembamba, mwepesi, unaingia mfukoni. Una tundu upande mmoja ambapo unapitisha ncha ya pili, kama mkanda wa suruali, na kidirisha ambapo unasoma namba na rangi. Nyekundu ni chini ya sentimita 11.5. Manjano ni kuanzia 11.5 hadi kabla ya kufika 12.5. Kuanzia 12.5 kwenda juu ni kijani. Asiyejua kusoma namba anasoma rangi, na hilo naliheshimu sana. Aliyeuchora alimfikiria mama ambaye hakupata shule.

Unapima mkono wa kushoto, ukiwa umening'inia na kulegea, katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko. Katikati ile wengi huikisia. Mimi nilichukua uzi, nikaulaza kutoka bega hadi kiwiko, nikaukunja sawasawa, na pale penye mkunjo nikatia alama kwa chaki ya kukatia nguo. Mhudumu alifurahi, akasema hata wao katika mafunzo huonyeshwa kwa uzi.

Kisha nikazungusha utepe na kusoma: 11.9. Manjano. Nikashusha pumzi.

"Mama," akasema kule kwenye mwarobaini, "naona mwanga kati ya utepe na ngozi."

Alikuwa sahihi. Miaka yote nikipima mkono wa shati au gauni huacha nafasi kidogo, nguo isimbane mtu. Kidole changu kiliingia chini ya utepe chenyewe, bila mimi kukituma. Nguo inahitaji nafasi hiyo, utepe huu hauihitaji. Unatakiwa uguse ngozi pande zote bila kuibonyeza. Nikaukaza tena, nikasoma: 11.3. Ndani kabisa ya nyekundu.

Nafasi ile ndogo ilikuwa tofauti ya "msubiri kidogo" na "nenda leo". Nimewafundisha akina mama 30 na zaidi tangu siku ile, na kosa hilo la kuacha nafasi ndilo ninaloliona zaidi. La pili ni kukaza kupita kiasi mpaka ngozi inakunjamana, na hilo huwatia watu hofu isiyo na sababu. Pima mara mbili. Namba zikikataana, pima ya tatu.

Kuna jambo jingine utepe ulinifanyia siku ile ambalo halimo katika kazi yake. Kwetu Wagiriama mtoto akikonda au akivimba, neno la kwanza watu wanalotamka ni chirwa. Maana yake mmoja wa wazazi amevunja mwiko, ametoka nje, na mtoto amebeba. Binti yangu hana mume na alikuwa Mombasa peke yake. Majirani walikuwa wameshaanza kunong'ona, na usiku mmoja mimi mwenyewe, mama yake mzazi, nililiruhusu neno hilo lipite kichwani mwangu. Utepe haukusema chirwa. Ulisema 11.3. Nilipompigia binti yangu jioni ile nilimpa namba, sikumpa lawama, naye akauliza swali ambalo mtu mwenye namba anaweza kuuliza: inatakiwa ifike ngapi?

Kesho yake alfajiri, kafyu ilipoisha, nilipanda bodaboda hadi kituo cha afya. Sitakitaja. Aliyekuwa getini akanirudisha, akasema kliniki ya watoto imesimamishwa, nije mwezi ujao. Nikamweleza. Akasema wote mnasema mtoto ni mgonjwa. Basi nikautoa utepe kwenye kanga, nikamzungushia mjukuu wangu mkono pale pale, mbele ya foleni yote, nikaunyanyua mkono ule. Wekundu ulionekana hadi ndani. Muuguzi aliyekuwa anapita kwenye veranda akasimama, akatazama, akaja akatuingiza.

Hiyo ndiyo nyota ya kwanza ninayoupa utepe huu, na kwangu inazidi nyingine zote. Bibi anayesema "mtoto amekonda" anaweza kuambiwa arudi mwezi ujao. Bibi aliyeshika rangi nyekundu mkononi ni vigumu zaidi kumwambia hivyo.

Ndani walimpima uzito, kilo 6.2 kwa mtoto wa miezi 13. Wakambonyeza upande wa juu wa nyayo kwa vidole gumba kuona kama ana uvimbe. Wakampa dawa ya kuua vijidudu. Kisha wakampa paketi moja ya chakula ale mbele yao, kuona kama hamu ya kula bado ipo, maana mtoto mwenye utapiamlo mkali aliyepoteza hamu hulazwa, hatibiwi nyumbani. Alikula. Alikula huku ameng'ang'ania paketi kwa mikono miwili, na mimi nikageuka kutazama ukuta.

Chakula hicho nacho nitakisemea, kwa sababu utepe bila hicho ni habari mbaya tu. Ni Plumpy'Nut, hapa kwetu plampi. Paketi ina gramu 92 na nishati ya kilokalori 500. Ndani kuna njugu zilizosagwa, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Ilibuniwa Ufaransa mwaka 1996 na daktari wa watoto André Briend pamoja na Michel Lescanne wa kampuni ya Nutriset, na chakula cha aina hiyo sasa kinatengenezwa hata hapa Kenya, Athi River. Uzuri wake mkubwa hauko kwenye ladha, ingawa ni tamu na inanukia njugu zilizokaangwa. Uko katika kwamba haihitaji maji wala moto. Maziwa ya unga unayokoroga kwa maji ya bwawa huweza kumuua mtoto kwa kuhara. Hii unaikandakanda ikiwa imefungwa, maana mafuta hujitenga juu, unakata pembe, mtoto anafyonza. Pembeni unampa maji safi ya kunywa, kwa sababu ni nzito na inaleta kiu. Iliyobaki unakunja pembe na kuihifadhi, haiharibiki upesi kama uji.

Tulipewa paketi 35. Mbili na nusu kwa siku, wiki mbili. Kabla ya Korona, waliniambia, ningelazimika kurudi kila wiki. Walikuwa wameongeza siku ili watu wasisongamane. Nauli ya bodaboda ikapungua nusu, na nashangaa kwa nini haikuwa hivyo tangu zamani kwa sisi tunaokaa mbali.

Sasa niseme jambo ambalo maelekezo hulipita haraka. Wanakuambia plampi ni dawa ya mtoto mmoja, usigawe. Ni kweli, ukigawa hatapona. Lakini nyumbani nilikuwa na watoto wengine wawili wenye njaa ya kawaida, ile isiyo na rangi kwenye utepe, na paketi hizi zinanukia. Nilizifungia kwenye droo ya cherehani. Siku ya tatu nilimkuta yule wa miaka 8 nyuma ya nyumba, amepasua paketi iliyokwisha, anailamba kwa ndani. Sikumgombeza. Nilikaa naye chini nikamweleza kwamba hii ni dawa kama ile ya malaria, naye akaniuliza mbona dawa ya malaria haina utamu. Tangu siku hiyo yeye ndiye akawa anamlisha mdogo wake, na kazi ya kulamba paketi tupu ikawa haki yake rasmi. Wanaopanga mambo haya wangefikiria kilo mbili za maharagwe kwa nyumba yenye mtoto mmoja mwekundu. Dawa ingelindwa na maharagwe yale kuliko na kufuli yangu.

Kila Jumapili nilipima na kuandika ukutani kwa chaki. 11.3. Tena 11.3, nikalia. 11.5. 11.7. Binti yangu alipiga kila Jumapili jioni na hakuuliza "hajambo?", aliuliza "ngapi?" Julai 7 Mombasa ilipofunguliwa alifika na matatu ya kwanza, akasimama mbele ya ukuta ule kabla hata hajavua viatu. Mtoto hakumkimbilia. Ilimchukua siku mbili kumkubali. Wiki ya tisa tukapata 12.5, ziara iliyofuata 12.6, na huko hospitalini ukipata kijani mara mbili mfululizo ndipo unaruhusiwa.

Hizo ni sifa. Kasoro zipo, na kwa kuwa napima kwa haki nazisema.

Ya kwanza ni ya kifundi. Rangi hufifia. Jua la Bamba likichanganyika na jasho na mafuta ya nazi, manjano imekuwa karibu nyeupe na mpaka wake na nyekundu lazima niusome kwa namba. Tundu nalo limeanza kupasuka. Plastiki haijavutika, nimeilinganisha na rula ya chuma na iko sawa kabisa, na kwa hilo imeshinda tepu zangu zote. Lakini hauna maneno ya kueleza ni mkono upi au katikati ya nini. Aliyepewa bila kufundishwa atapima kiwiko.

Ya pili ni nzito. Utepe hauoni uvimbe. Mwaka 2021 jirani aliniletea binti yake wa miaka miwili, mashavu yamejaa, nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi. Nikapima: kijani. Angekuwa mtu mwingine angemwambia nenda salama. Nilikumbuka yule muuguzi, nikambonyeza juu ya nyayo zote mbili kwa vidole gumba, nikahesabu hadi tatu taratibu. Nilipoachia, vishimo vikabaki kama unavyobonyeza unga wa mahamri. Hiyo ni kwashiakoo, na ni hatari sawa na nyekundu. Maji yaliyojaa mwilini ndiyo yaliyokuwa yamedanganya utepe. Kwa hiyo ukipima mkono, bonyeza na nyayo kwa juu. Ningetamani mchoro wa nyayo ungekuwa nyuma ya utepe, nafasi ipo.

Ya tatu, hauoni udumavu. Sisi Kilifi hili ndilo donda letu kubwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 37 kati ya 100 wa chini ya miaka 5 katika kaunti yetu wamedumaa, wakati wastani wa Kenya nzima ni 18. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mkono wa kijani na kimo cha mtoto aliye mdogo kwake kwa mwaka mzima. Utepe huu unakamata moto unaowaka, haukamati nyumba inayooza polepole. Kwa hilo bado unahitaji kliniki, kipimo cha urefu, matone ya vitamini A kila miezi 6, na yai ambalo halijauzwa.

Ya nne, watoto wa chini ya miezi 6. Rangi hizi hazikuwekwa kwa ajili yao. Nilifurahi kusoma kwamba Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 liliweka kipimo cha sentimita 11 kwa wachanga wa kuanzia wiki 6, na kwamba watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, hapa hapa Kilifi ni miongoni mwa waliohangaika miaka mingi kuonyesha kwamba mkono wa mchanga nao una la kusema. Utepe wangu ni wa zamani, hauna mstari huo.

Na ya tano si ya utepe, ni ya walio nyuma yake. Mara mbili tangu wakati ule nimempeleka mtoto wa mtu akiwa mwekundu tukaambiwa plampi imeisha, jaribuni wiki ijayo. Mara nyingi zaidi nimepeleka wa manjano, tukapewa ushauri wa lishe na kurudishwa nyumbani. Ushauri ni mzuri. Mama yule anajua kwamba samaki ana nguvu, shida yake si kutojua. Mwaka 2020 ulitoka utafiti uliofanywa Kenya na Sudan Kusini ukionyesha kwamba wekundu na manjano wanaweza kutibiwa kwa chakula kimoja, paketi mbili kwa mwekundu na moja kwa wa manjano kila siku. Nilipousoma nilijiuliza ni wangapi kati ya wale niliowarudisha wangebaki kwenye manjano wasiteremke. Wakati huo huo nimeiona plampi ikiuzwa dukani, paketi moja moja, pembeni ya biskuti. Ukiiona, usiinunue. Hutolewa bure, na kila moja iliyo kwenye rafu ile imetoka kinywani mwa mtoto fulani.

Kwa hesabu yangu: ubora wa kipimo, nyota tano. Uimara, tatu na nusu. Urahisi wa kutumia ukifundishwa, tano, na usipofundishwa, mbili. Jumla naupa nne. Nyota ya tano nitaiongeza siku utakapoonyesha nyekundu na chakula kikawa kipo kila mara.

Kuupata hulipi chochote. Muulize mhudumu wa afya wa jamii wa kijiji chako au afisa wa lishe katika kituo kilicho karibu. Ukijibiwa kwamba hupewa wahudumu tu, mwambie akina mama wa vijiji vingi wanao na wanapima. Wakati hujaupata, tepu ya fundi inaweza kukusaidia, mradi uilinganishe kwanza na rula na ukumbuke namba mbili, 11.5 na 12.5. Usitumie iliyovutika. Nakuomba kama fundi.

Korona ilipokuwa imechacha, Julai 2020, wataalamu walikadiria kwamba watoto milioni 6.7 zaidi duniani wangeweza kukonda vibaya mwaka ule kwa sababu ya yale yaliyoletwa na ugonjwa, wakati virusi vyenyewe vilikuwa vinawapita watoto kwa wepesi. Nilikuwa nimeshamaliza ukuta mmoja wa chaki niliposikia namba hiyo redioni. Shule zikafunguliwa zote Januari 2021, zile sare 17 zikachukuliwa, nane kati yake ikabidi nizifumue kwa sababu watoto walikuwa wamekua. Nne nilizipunguza.

Mjukuu wangu ameingia gredi ya kwanza mwaka huu. Nilimwita nimpime shati. Akaja, akasimama wima, akanyoosha mkono wa kushoto na kuulegeza, kama alivyozoea. Nikamwambia leo ni mabega, nikachukua tepu ya pili, na safari hii nikaacha nafasi.